Kimea cha Ulezi na Somo la Vimeng'enya

Somo la kuota kwa mbegu linapofundishwa, sentensi moja husikika katika madarasa mengi: "Ndani ya mbegu mna vimeng'enya vilivyolala, na maji huviamsha." Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huiandika ubaoni, wanafunzi huinakili, na siku ya mtihani huirudisha kama walivyoipokea. Ni sentensi fupi yenye picha nzuri, na nusu yake si kweli. Twapenda katika kurasa hizi kueleza ni nusu ipi, na kwa nini twaona kwamba mwalimu wa shule ya msingi, hasa wa huku kwetu Mkoa wa Songwe ambako ulezi hulimwa na kimea si kitu kigeni kwa mtoto, hana udhuru wa kuendelea kuisema.

Kosa la sentensi hiyo si dogo. Mtoto anayeambiwa kwamba vimeng'enya vimelala tu vikingoja maji huiona mbegu kama mfuko wa dawa: ukitia maji, dawa huyeyuka na kuanza kazi. Hajifunzi lolote juu ya uhai. Hali ilivyo ni kwamba sehemu kubwa ya vimeng'enya vile haimo katika mbegu kavu. Huundwa baada ya mbegu kupata maji, na haviundwi kimoja kimoja ovyo ovyo. Seli za mbegu huunda vimeng'enya kadhaa vinavyohusiana kwa wakati mmoja, kwa amri moja, na chakula kinapotosha amri hiyo hulegea. Hilo ndilo tungetaka mtoto alishike, hata akisahau majina yote.

Tuanze na jambo ambalo wanafunzi wenyewe wanalijua kuliko vitabu. Mama wa Mbozi au Momba anayetaka kimea huosha ulezi, akauroweka usiku kucha, kisha akauchuja na kuufunika mahali penye joto na unyevu. Baada ya siku 2 au 3 punje huwa zimetoa mizizi midogo myeupe. Huuanika juani hadi ukauke, akausaga. Unga huo akiutia katika uji mzito uliopoa kiasi, uji hulegea na kuwa mtamu pasipo kuongezwa sukari wala maji. Ndio mwanzo wa togwa. Na wanaoendelea mbele zaidi ya togwa hupata komoni na pombe nyingine za nafaka ambazo kila mtu wa nyanda hizi anazijua, hata asiyezinywa. Muulize mama huyo kwa nini hasagi ulezi mkavu moja kwa moja, atakushangaa. Ulezi ambao haujamea haulegezi uji. Naye anajua pia kwamba ulezi uliomea siku moja tu hauna nguvu ya ule wa siku ya tatu.

Katika maneno hayo machache ya mama muna hoja nzima ya sayansi. Kama vimeng'enya vingekuwa vimelala, tena vyote, basi kuroweka kwa usiku mmoja kungetosha kuviamsha vyote. Nguvu inayoongezeka siku hadi siku ni dalili kwamba kuna kitu kinachoundwa.

Wataalamu wa mimea walilifikia jambo hili hatua kwa hatua. Mwaka 1890 Gottlieb Haberlandt alieleza, kwa kuchunguza punje za nafaka aina ya rai, kwamba tabaka jembamba la seli linalozunguka ghala la wanga la punje ndilo linalotoa vimeng'enya vya kuyeyusha wanga huo. Tabaka hilo huitwa aleuroni. Ghala lenyewe katika nafaka iliyokomaa ni seli zilizokufa, zimejaa wanga na protini. Tabaka la aleuroni ni seli hai. Lakini ni nani anayeliambia tabaka hilo kwamba wakati umefika? Mwaka 1960 watafiti wawili waliokuwa mbali mbali, Harugoro Yomo huko Japani na Leslie Paleg huko Australia, walionyesha katika shayiri kwamba amri hutoka kwa kiinitete, nayo huletwa na homoni iitwayo jiberelini. Homoni hiyo ilikwisha kujulikana Japani kwa sababu nyingine kabisa: kuvu mmoja anayeshambulia mpunga huitoa, na mpunga ukarefuka kupita kiasi mpaka ukaanguka. Tunavutiwa na kisa hiki, maana mkulima aliyekuwa akilalamikia mpunga wake hakujua kwamba ugonjwa ule ungekuja kueleza jinsi punje inavyoota.

Basi mpangilio ni huu. Maji huingia. Kiinitete, yaani mmea mchanga uliomo ndani ya punje, huzinduka na kutoa jiberelini. Homoni hiyo hupenya hadi kwenye tabaka la aleuroni. Hapo seli za tabaka zinaanza kuunda vimeng'enya na kuvimwaga katika ghala.

Nasi tukazie neno "vimeng'enya" katika wingi wake, kwa kuwa ndiyo kiini cha maoni yetu. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, tena wenye matawi. Amilesi ya alfa huukata mnyororo katikati, popote inapopata nafasi. Amilesi ya beta huanzia mwishoni na kukata sukari mbili mbili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoweza kukata pale tawi linapoungana na shina. Kazi hiyo ina kimeng'enya chake. Zaidi ya hayo, wanga umefungiwa ndani ya kuta za seli, na kuta hizo sharti zitobolewe na vimeng'enya vya kuta. Chembe za wanga nazo zimezungukwa na protini, na protini hiyo yafaa ikatwe, kwanza ili njia ipatikane, na pili kwa sababu mmea mchanga hauishi kwa sukari peke yake; unahitaji pia vijenzi vya kutengenezea protini zake. Fikiria sasa mbegu ambayo ingeunda kimoja tu kati ya hivi vyote. Ingetumia nguvu zake haba kutengeneza kisu kisichofika kwenye nyama. Kuviunda kwa pamoja si pambo la maumbile, ni sharti la kuishi.

Hapa inafaa tuseme wazi sehemu ya ukweli iliyomo katika sentensi ile ya ubaoni, tusije tukaitupa yote. Katika shayiri, amilesi ya beta kwa kiasi kikubwa imo tayari katika punje kavu, ikiwa imefungwa, na kuota huifungua. Hiyo kweli imelala. Amilesi ya alfa ni kinyume: huundwa upya. Mwalimu mwangalifu atasema, "Vingine vimo vikingoja, na vingine huundwa mbegu inapopata maji." Ni maneno machache tu yaliyoongezwa, na ubao una nafasi.

Sasa seli hufanyaje ili kuunda vimeng'enya vingi kwa amri moja? Mfano ulio mwepesi zaidi kueleweka haukupatikana katika mmea bali katika bakteria. Huko Paris, katika Taasisi ya Pasteur, François Jacob na Jacques Monod walimchunguza bakteria wa utumboni aitwaye Escherichia coli. Monod alikuwa ameanza mapema: katika tasnifu yake ya mwaka 1941 alieleza kwamba bakteria waliopewa aina mbili za sukari kwa pamoja hawali zote mara moja. Humaliza kwanza glukosi, hutulia kwa muda bila kuongezeka, kisha huanza kula ile ya pili. Ule muda wa kutulia ndio uliomshughulisha. Bakteria walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakijitengenezea vyombo vya kulia.

Kwa sukari ya maziwa, yaani laktosi, vyombo hivyo ni protini tatu. Moja huipitisha laktosi katika utando wa seli, moja huipasua kuwa glukosi na galaktosi, na ya tatu huandamana nazo ingawa bakteria anaweza kuila laktosi bila hiyo. Mwaka 1961 Jacob na Monod walitangaza maelezo yao: jeni za protini hizo tatu zimepangwa mfululizo, nyuma ya lango moja. Laktosi isipokuwapo, protini zuizi hukaa langoni na kuzuia jeni zisinakiliwe. Laktosi ikiingia, kiasi kidogo chake hugeuzwa umbo na kujishikiza kwenye kizuizi, nacho kikaliachia lango. Hapo jeni zote tatu hunakiliwa kwa mkupuo mmoja. Kipande hicho chenye lango na jeni zake walikiita operoni. Lango likifunguliwa, kimeng'enya cha kupasua laktosi huongezeka karibu mara 1,000. Na glukosi ikiwapo kwa wingi, hata laktosi ikiingia, kazi huwa ndogo, maana hakuna haja ya kuhangaikia sukari ngumu ilhali ile nyepesi ipo mezani. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao André Lwoff.

Mbegu ya nafaka haikupangwa hivyo, na hapa waandishi wa muhtasari wa masomo huteleza mara kwa mara kwa kudhani kwamba kila kiumbe kina operoni kama za bakteria. Katika mmea, jeni za amilesi, za vimeng'enya vya protini na za vimeng'enya vya kuta zimetawanyika, kila moja ina lango lake. Kinachoziunganisha ni kwamba malango hayo yana kufuli za aina moja. Jiberelini inapofika katika seli ya aleuroni husababisha protini moja zuizi ivunjwe. Kizuizi kikiondoka, seli huunda protini nyingine ambayo ndiyo ufunguo, na ufunguo huo huenda kwenye kila lango lenye kufuli ya aina ile. Hivyo amri moja hufungua malango mengi yaliyo mbali mbali. Katika mpunga imeonekana pia kwamba sukari inapojaa, jeni za amilesi hupunguza kazi. Mbegu haiendelei kuvunja ghala wakati mezani kumejaa.

Wanachuo wengi, wakitaka kulieleza jambo hili, hukimbilia mfano wa kiwanda: kiini cha seli ni meneja, vimeng'enya ni wafanyakazi, na meneja hutoa amri. Mfano huo hatuupendi. Unamfundisha mtoto kwamba ndani ya seli kuna mkubwa anayefikiri na kuamua. Hakuna. Katika bakteria wa Paris ni sukari yenyewe inayoondoa kizuizi. Katika punje ni maji, kiinitete na homoni, kila kimoja kikigusa kinachofuata. Mtoto aliyezoea meneja atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza, nani humwambia meneja.

Kwa shule za hapa Tunduma tungependekeza mfano mwingine, nao utumiwe kwa tahadhari. Kila mtoto wa Tunduma ameona safu ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde na kuendelea Zambia na Kongo. Zamani lori lilikaguliwa upande huu, likavuka, likakaguliwa tena upande wa pili. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, na maana yake ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili hulishughulikia gari mahali pamoja. Hapo mtoto ana picha ya shughuli kadhaa zinazofuatana nyuma ya lango moja: ndiyo operoni. Kisha mwambie afikirie mitaa ya sokoni, maduka yaliyo mbali mbali lakini yote yamefungwa kwa kufuli za mwenye mali mmoja, ambaye ufunguo wake mmoja huyafungua yote: ndiyo punje ya nafaka. Baada ya hapo achana na mfano. Mfano ukivutwa mbali hukatika, na mwalimu anayeanza kueleza ushuru wa forodha ndani ya seli amekwisha kupotea njia.

Wako wenzetu watakaosema kwamba haya ni makubwa mno kwa shule ya msingi. Jeni na operoni ni mambo ya sekondari na zaidi. Twakubali kwamba majina hayo hayana nafasi ubaoni katika darasa la tano. Hatukuyaandika ili yakaririshwe kwa watoto. Tumeyaandika kwa ajili ya mwalimu, kwa sababu mwalimu anayejua kwamba vimeng'enya huundwa kwa pamoja na kwa wakati wake hatasema uongo anaporahisisha. Kurahisisha ni sanaa ya anayejua zaidi ya anachosema. Asiyejua hurahisisha kwa kubahatisha, na watoto wake hubeba bahati hiyo mpaka kidato cha tatu, ambako mwalimu mwingine hulazimika kung'oa kabla ya kupanda.

Tena jambo lenyewe laweza kuonyeshwa kwa mikono, bila maabara. Roweka ulezi katika makundi manne, kila kundi siku yake, ili siku ya somo uwe na ulezi uliorowekwa usiku mmoja tu, uliomea siku 1, uliomea siku 2, na uliomea siku 3. Kila kundi likitimiza muda wake lianikwe na kusagwa peke yake. Pika uji mzito wa mahindi, mzito kiasi cha kijiko kusimama. Uache upoe mpaka uweze kutia kidole na kuvumilia, kwa maana moto wa kuchemka huharibu vimeng'enya, na somo zima litaharibika pamoja navyo. Gawa uji katika vikombe vitano vilivyo sawa. Kila kikombe cha kwanza hadi cha nne kipate kijiko kimoja cha unga wa siku yake, na cha tano kipate kijiko cha unga wa siku ya 3 uliochemshwa kwanza kwa maji kidogo. Koroga, ngoja robo saa, kisha wanafunzi wainamishe vikombe mmoja baada ya mwingine na kuangalia uji unavyotiririka.

Usiwaambie watakachoona. Waache wapange vikombe kutoka kizito hadi chepesi, na uwaulize kwa nini kimea cha siku ya 3 kimekishinda cha siku ya 1 ilhali vyote vimepata maji. Hapa ndipo sentensi ya "vimeng'enya vilivyolala" itakapoanguka yenyewe, bila mwalimu kuisukuma. Na kikombe cha tano kitawafundisha kwamba kinacholegeza uji ni kitu kinachoharibiwa na moto, si utamu wala unyevu wa kimea.

Darasa lenye wanafunzi wepesi laweza kwenda hatua moja zaidi kwa punje za ngano. Kata punje katikati, nusu yenye kiinitete itengwe na nusu isiyo nacho. Ziroweke, kisha zilaze upande uliokatwa juu ya wanga wa muhogo uliopikwa na kuganda katika sahani safi, ufunike kwa siku 2. Ondoa punje na umwagie iodini iliyopunguzwa kwa maji. Wanga wote utageuka rangi ya buluu iliyokoza karibu na weusi, isipokuwa chini ya nusu zilizokuwa na kiinitete, ambako pataonekana duara lisilo na rangi hiyo: wanga umekwisha kuliwa. Nusu zisizo na kiinitete huacha alama ndogo au haziachi kabisa. Tabaka la aleuroni limo katika nusu zote mbili. Lililokosekana ni mtoaji wa amri. Hatujui somo jingine la gharama ndogo kama hii linaloonyesha kwa macho kwamba seli hungoja habari kabla ya kufanya kazi.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tulisukume jambo hili, nayo iko nje ya darasa. Mikoa ya nyanda za juu kusini hulisha nchi, na bado watoto wake wengi wamedumaa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, wapatao 30 walikuwa wamedumaa. Iringa, Njombe na Rukwa, jirani zetu hawa wenye maghala, walifikia karibu nusu au zaidi ya nusu. Songwe yetu ilikuwa karibu na theluthi moja. Sababu ni nyingi na hatudai kwamba mwalimu wa sayansi anazo dawa zake zote. Lakini moja kati yake imo katika kikombe cha uji.

Unga wa mahindi ukipikwa hunyonya maji na kuvimba. Uji wenye unga wa kutosha huwa mzito hata mtoto mchanga ashindwe kuumeza, na mama, kwa huruma, huongeza maji. Tumbo la mtoto ni dogo. Hujaa maji kabla halijapata chakula. Kimea huutatua ugumu huu kwa njia ambayo maji hayawezi: hukata minyororo ya wanga, uji ukalegea huku unga wake ukibaki ule ule. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliufanyia kazi unga wa kimea tangu miaka ya mwanzo ya 1980; na mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti juu ya kutumia unga wa nafaka iliyomeshwa ili uji wa watoto ubebe chakula kingi zaidi. Ni maarifa yaliyotoka jikoni kwetu, yakapimwa na wataalamu, yakarudi kama ushauri wa lishe. Hata hivyo kwa kijana wengi wa leo neno kimea maana yake ni pombe basi.

Hapo ndipo mzazi mmoja mmoja atakapokuja shuleni kulalamika kwamba mwalimu anawafundisha watoto kupika komoni. Ajibiwe kwa heshima na kwa ukweli: hakuna pombe katika uji uliolegezwa kwa robo saa, pombe huhitaji hamira na siku kadhaa. Ni vema zaidi mwalimu amwite mama mmoja anayejua kutengeneza kimea aje aonyeshe mbele ya darasa. Atafanya vizuri kutuzidi, na watoto wataona kwamba anayeitwa hajasoma anajua jambo ambalo kitabu chao kimeliandika vibaya.

Tahadhari nazo zisisahauliwe, kwa kuwa tunazungumza juu ya chakula cha watoto. Kimea ni unga mbichi uliokaa siku kadhaa katika unyevu na joto, mahali ambapo vijidudu hustawi. Uji uliolegezwa sharti uchemshwe tena kabla mtoto mchanga hajaunywa. Vimeng'enya wakati huo vimekwisha kumaliza kazi, kwa hiyo moto hauharibu faida. Kimea chenye ukungu kitupwe, wala kisipewe kuku. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka, na sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha. Na darasa lisitumie mtama badala ya ulezi kwa kuwa tu mtama umepatikana: machipukizi ya mtama yana kitu kinachotoa sumu ya sayanidi, na mwenye kuutumia kwa chakula hana budi kuyaondoa. Ulezi hauna shida hiyo.

Limebaki jambo la lugha. Neno kimeng'enya limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunja chakula kiwe laini, nalo limetufaa sana tangu tulipoanza kufundisha sayansi kwa Kiswahili. Lakini humwacha mtoto akidhani kwamba kazi ya vimeng'enya vyote ni kuvunja. Seli hujenga pia, tena kwa vimeng'enya, na utaratibu wa kuviunda pamoja huonekana huko vile vile. Mwaka 1959, miaka 2 kabla ya tangazo la Paris, Bruce Ames na Barbara Garry walionyesha kwamba bakteria aina ya Salmonella anayepewa histidini, moja ya vijenzi vya protini, huacha kwa pamoja kuunda vimeng'enya vinne vya kuitengeneza histidini hiyo. Vilipanda na kushuka kwa uwiano mmoja. Kwa mtoto inatosha kusema: seli hainunui nyumbani kinachopatikana bure mlangoni. Hatupendekezi neno jipya, kimeng'enya kibaki. Tunapendekeza tu kwamba kila mwalimu anayelitumia atoe angalau mfano mmoja wa kujenga, mathalani jani linalotengeneza wanga mchana, ili neno lisiifunge fikra.

Na kwa wale miongoni mwenu mtakaotunga maswali ya majaribio mwisho wa muhula, swali la "Taja vimeng'enya vitatu na kazi zake" liondolewe. Mahali pake pawekwe hili: "Mama Asha ameroweka ulezi usiku mmoja, akausaga na kuutia katika uji, lakini uji haukulegea. Jirani yake ametumia ulezi uliomea siku 3, na uji wake umelegea. Eleza tofauti hiyo." Atakayejibu kwamba ulezi wa Mama Asha haukuwa umepata wakati wa kutengeneza vitu vya kulegezea uji apewe alama zote, hata kama hakuandika jina la kimeng'enya hata kimoja.